Herufi Zilizokula Chumvi

Mtu ashukaye Daraja Mbili mjini Kisii siku ya Jumatatu au ya Alhamisi, ambazo ndizo siku kuu za soko, kabla macho yake hayajatulia juu ya mikungu ya ndizi iliyolazwa chini, wala juu ya marobota ya mitumba yanayofumuliwa kwa kelele, wala juu ya kuku waliofungwa miguu wawili wawili, hukutana kwanza na maneno: maneno yaliyopakwa juu ya milango na mabati, juu ya mbao zilizopigiliwa misumari kwenye nguzo, juu ya mikokoteni, juu ya vibanda vya vinyozi na vya wauza nyama. Soko hili halinyamazi hata likiwa tupu, kwa kuwa wauzaji wakisha kwenda zao jioni huziacha herufi zao zikilinda mahali.

Jina lenyewe la mahali hapa ni somo. Mwenye kushika sana sarufi ya pwani angesema Madaraja Mawili, na asingekosea. Lakini Kiswahili kilichopanda milima hii pamoja na makarani, askari na wachuuzi kilikuja kufanya shughuli, wala hakikungoja idhini ya wanazuoni, na watu waliohitaji kuelekezana njia wakahesabu vivuko vyao wakasema Daraja Mbili. Mara jina hilo lilipokwisha kuandikwa kwa rangi juu ya vibao na ubavuni mwa magari, likapata nguvu ya hati, na leo hakuna mhariri awezaye kulirekebisha. Hiyo ndiyo qudra ya herufi iliyopakwa kwa mkono: hulichukua tamko la mdomoni ikalifanya tarikhi.

Katika kichochoro kimoja cha pembeni kuna kibao ambacho nimesimama mbele yake mara nyingi kuliko nilivyosimama mbele ya vitabu vingi. Ni bati lililonyooshwa, limepigiliwa juu ya mlango wa duka ambalo limekwisha kufungwa. Yaelekea herufi zake zilikuwa nyekundu, kila moja imepewa kivuli cheusi upande wa kulia na chini, ili ionekane kana kwamba imesimama mbele ya bati. Jua limeila ile nyekundu hata ikawa waridi, kisha ikawa si rangi tena, nyeusi haikuondoka. Basi neno lililobaki halisomwi kwa herufi zake, husomwa kwa vivuli vyake: mwenyewe ameondoka, kivuli kimebaki mlangoni. Apitaye hapo wakati wa magharibi, mvua imekatika na moshi wa jikoni umetanda chini kwa chini, huhisi ubaridi kidogo mgongoni, kama mtu aitwaye na sauti ambayo haijui ilikotoka.

Ubaridi huo ndio nitakao kuutafutia asili yake katika makala haya, kwa sababu siku hizi umekuwa bidhaa. Wachora fonti wa kompyuta hutengeneza herufi za vichwa na mabango zilizokusudiwa kuonekana kuukuu: kingo zake zimeliwa, wino wake umevimba mahali na kukatika mahali, kana kwamba zimeandikwa kwa kalamu iliyochoka katika nyumba isiyokaliwa. Mwenye filamu ya mizimu huzinunua, na mwenye kitabu cha visa vya kale huzipamba juu ya jalada lake. Bidhaa hiyo yenyewe si changa. Karibu na mwisho wa karne ya 19, kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler cha Chicago kilitoa herufi zilizochorwa na Berne Nadall, zenye kingo zilizovunjikavunjika kwa makusudi, zikaitwa kwanza kwa jina la karne ya 15, kisha zikabadilishwa jina zikawa Caslon Antique, ingawa hazikuwa na nasaba yoyote na herufi za William Caslon, yule fundi Mwingereza wa karne ya 18. Ndizo hizo zilizokuja kuandika jina la mchezo wa nyimbo wa Les Misérables katika matangazo yake. Na wako wapiga chapa wasemao kwamba ule uchakavu ulioigwa ulitokana na vitabu vya kale vya Marekani, ambavyo herufi zake za risasi zilisafirishwa kwa jahazi kutoka Uingereza zikapigwa na maji ya bahari njiani, hata zikaliwa na chumvi kabla hazijapata kuchapa neno.

Sisi tunalo neno letu kwa jambo hilo. Mtu aliyeishi sana twasema amekula chumvi nyingi, nasi twasema hivyo kwa taadhima. Swali langu ni hili: herufi za Daraja Mbili zimekula chumvi ya wapi?

Sharti tuanze pwani, kwa kuwa huko ndiko wino ulikoanza kuandika Kiswahili. Karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kuleta matbaa, waandishi wa Lamu, Pate na Siyu walikaa juu ya mikeka na kalamu za tete, wakaandika kwa hati za Kiarabu tenzi, nasaba, barua za biashara na misahafu. Wino wao mweusi ulikuwa masizi yaliyokorogwa kwa gundi, na katika misahafu ya Siyu wekundu ulitiwa pale ambapo jicho lilipaswa kusita. Nuskha ya utenzi wa Herekali, au Tambuka, iliyoandikwa mwaka wa 1728, ni miongoni mwa maandishi ya kale mno ya Kiswahili yaliyosalimika. Na mtu wa mwisho mkubwa katika silsila hiyo, Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka wa 1855 na kufariki mwaka wa 1945, alikuwa mwandishi, mshairi, mpiga ala na mchonga milango kwa pamoja. Mkono uleule uliopinda herufi ya nun katika karatasi ndio uliopinda jani la yungiyungi katika mbao. Wanazuoni wa Kizungu, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimwandikisha nakala za tenzi, na nyingi kati ya hizo zimehifadhiwa London hata leo.

Kwa watu wa zama hizo herufi haikuwa chombo cha habari peke yake. Mgonjwa aliandikiwa aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, sahani ikafutwa kwa maji, na maji yale akayanywa. Hilo ndilo kombe, na liko mpaka leo. Tazama jambo hilo kwa makini: herufi zinaandikwa ili zifutike, nazo zikiisha kufutika ndipo zinapoanza kazi yao, ndani ya mwili ambamo hakuna azisomaye. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hahitaji kufundishwa na mwenye filamu kwamba maandishi yaliyofifia yana heba. Alijua tangu utotoni kwamba neno lililofutika halikwenda bure, liko mahali.

Matbaa ilipofika Unguja, ilikuta heshima hiyo imekwisha kukaa. Edward Steere, aliyefika huko mwaka wa 1864 na baadaye akawa askofu wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliwafunza vijana waliokombolewa katika utumwa kupanga herufi za risasi na kuzipiga chapa, na Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akajipatia matbaa yake kwa ajili ya vitabu vya Kiarabu. Wino wa wapiga chapa ulikuwa masizi tena, safari hii yamekorogwa kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Mkorogo ulibadilika, masizi yalikuwa yaleyale.

Huku milimani habari ilikuwa nyingine. Wagusii, wenyeji wa milima ya Kisii, waliandika ardhi yao kwa mipaka ya mito, kwa makaburi ya mababu katika viunga vya nyumba, na kwa kumbukumbu za wazee. Herufi hawakuwa nazo, na walipoletewa, ziliwajia zikiwa zimeshika bunduki. Masimulizi yao yanamtaja Sakawa, mtabiri aliyefariki kabla ya wageni kuja, ambaye inasemekana aliwaonyesha watu mahali ambapo majumba ya wageni yangesimama katika nchi iliyoitwa Getembe. Kwa hiyo mji wa Kisii, kwa mujibu wa watu wake wenyewe, ulisomwa kabla haujaandikwa. Mwaka wa 1907 Waingereza wakaweka boma hapo. Januari 1908 kijana Otenyo akamchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa boma. Northcote akapona, na askari waliotumwa kulipiza kisasi wakachoma nyumba, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu. Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakauteka mji, na tarehe 12 ya mwezi huo yakapiganwa mapigano ya Kisii. Maofisa wa Kiingereza walipokuwa wametoroka, watu wakaingia madukani na katika misheni wakachukua walichokikuta, na baadaye wakaadhibiwa kwa ukali. Ndipo ikashamiri dini ya Mumbo, nyoka wa ziwani aliyeahidi kwamba wazungu watatoweka. Serikali iliwakamata viongozi wake, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 baadhi yao wakapelekwa uhamishoni Lamu. Nawaza mara kwa mara juu ya watu hao wa milima ya migomba, wakitembea katika vichochoro vya mji ambamo Kijuma alikuwa angali hai akiandika na kuchonga, wakipita chini ya milango yenye maandishi ambayo hawakuweza kuyasoma, wamefika kwa nguvu ya karatasi ambazo nazo hawakuweza kuzisoma.

Karatasi iliyoigusa kila nyumba ilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915 na kutiwa nguvu baada ya vita, nayo ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kazi kubeba hati yenye jina lake, kabila lake, waajiri wake na alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Hebu tufikiri jinsi wino ulivyokutana na mkono wa babu yetu mara ya kwanza. Hakushika kalamu, alishikwa kidole, kikaviringishwa juu ya wino wa matbaa, yaani juu ya masizi na mafuta, kisha kikaviringishwa juu ya karatasi. Yeye mwenyewe alikuwa chapa. Alama ile ilikuwa na kila kitu ambacho wachora fonti wa leo hukitafuta kwa jitihada: mistari iliyovimba, mahali palipokosa wino, ukingo uliofifia. Wala hapakuwa na haja ya kuitia hofu. Hofu ilikuwa ndani yake tayari. Kipande kiliondolewa mwaka wa 1947, lakini mzee aliyekivaa aliweza kukuonyesha shingoni mahali ambapo kamba yake ilikuwa ikikaa.

Njia ya pili ambayo herufi ilipitia ilikuwa ya misheni, nayo ilikuwa na upole zaidi ingawa haikukosa amri zake. Waadventista walifika Gendia, kando ya ziwa karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland. Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua Nyabururu mwaka wa 1911, na Waadventista wakafungua Nyanchwa, jirani na mji wa Kisii, mwaka wa 1912. Gendia kulikuwa na matbaa ndogo, nayo ikakua hata ikawa chemchemi ya vitabu vya Kijaluo na vya Ekegusii, lugha ya Wagusii, kwa miaka mingi.

Yafaa tueleze kazi ya matbaa za namna hiyo, kwa maana ndiko uchakavu wa herufi unakotoka kwa haki. Herufi moja ya chapa ni kipande cha madini kilichosubuliwa kwa risasi, antimoni na bati, nacho ni laini kuliko watu wadhanivyo. Mpangaji huzichomoa herufi moja moja kutoka katika kasha, akazipanga kinyume, akazikaza katika fremu. Kisha mwenzake hupaka wino kwa rola ya mkono: akizidisha, matumbo ya herufi za a na e hujaa yakawa madoa, akipunguza, miguu ya herufi hukatika. Kila karatasi ikandamizwapo, risasi hulika kidogo. Mara elfu kumi, na kingo zilizokuwa kali zimekuwa butu, herufi moja imepasuka mkia, nyingine imekatika kichwa. Matbaa tajiri huziyeyusha zikasubuliwa upya. Matbaa maskini, iliyo mbali na bahari na mbali na fedha, huzitumia tena. Kwa herufi kubwa za matangazo hutumiwa mbao, ufundi ulioenea tangu Darius Wells wa New York alipotengeneza mashine ya kuzichonga mwaka wa 1827, na mbao nazo hupasuka kwa jua na kuvimba kwa unyevu. Kwa hiyo kitabu cha nyimbo kilichopigwa chapa hivyo kilimfikia Mgusii wa kwanza kujua kusoma kikiwa na sura ya uzee siku ileile ya kuzaliwa kwake. Uzee huo ulikuwa wa kweli: ulikuwa hesabu ya kazi iliyokwisha kufanywa na herufi zile kwa ajili ya wasomaji wengine.

Shule za misheni zilifundisha hati safi kwa ubao na chaki, na kijana mwenye mwandiko mzuri akajikuta ana mtaji. Maduka ya Wahindi yalitaka vibao. Vyama vya ushirika, makanisa na hoteli vikataka vibao. Na soko, ambalo kila chumba chake kina jirani anayeuza kitu kilekile, likataka kuliko wote. Hivyo ndivyo ilivyopatikana kazi ya mchora vibao, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa alama ya mji wa bara kama vile milango ya nakshi ilivyo alama ya mji wa pwani.

Nilipata kumkalia mchora vibao mmoja mzee mchana mzima, juu ya debe lililogeuzwa, nikitazama afanyavyo. Bati lilikuwa limesuguliwa msasa na kupakwa rangi nyeupe tangu juzi. Akachukua uzi, akauburuta katika unga wa chaki, mwanafunzi wake akashika ncha moja naye ncha ya pili, wakauvuta ukakazana juu ya bati, kisha akaubinya katikati akauachia: ta! Mstari ukakaa, mnyoofu kama upeo wa bahari. Mistari miwili ikatosha, wa juu na wa chini. Akaandika kwa penseli kwa wepesi sana, akihesabu herufi kwa midomo, maana aibu kubwa ya kazi hii ni kuanza neno kwa ukarimu na kulimaliza kwa dhiki. Ndipo akatwaa ufito wenye kitambaa kilichofungwa nchani, akauegemeza juu ya bati, akalaza kiganja cha kulia juu yake ili mkono usitetemeke, akachovya brashi katika rangi nyekundu na kuifuta pande zote mbili kwenye mdomo wa kopo.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona herufi ya O unaipaka kwa mara mbili, wakati wengine huizungusha mara moja?"

Akajibu bila kuinua macho: "Mwanangu, mkono hupinda vizuri kuelekea kwake. Nusu hii naivuta kwangu, halafu nusu ile naivuta kwangu. Ukiusukuma mkono uende usikotaka, herufi itakusema."

Kivuli alikiacha mwisho. Alibadilisha brashi, akafungua kopo jeusi, akaenda herufi moja baada ya nyingine upande wa kulia na chini, na kwa kila mguso neno likainuka kutoka katika bati. Nikakumbuka kile kibao cha kichochoroni. Nikamwuliza kwa nini nyekundu hukimbia na nyeusi hubaki. Akasema wenye maduka hutaka nyekundu kwa kuwa huita mteja, lakini nyekundu ya bei nafuu haina umri. Nyeusi ni ya masizi, na masizi yamekwisha kuungua, basi jua litayafanya nini tena?

Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo, na elimu ya kemia inayaunga mkono: weusi wa masizi ni kaboni, ambayo mwanga hauivunji kama uvunjavyo rangi nyingi nyekundu. Kwa sababu hiyo nuskha za Siyu zinasomeka, na chapa za vidole zinasomeka, na vivuli vya Daraja Mbili vinasomeka. Aidha, mvua ya Kisii, ambayo katika miezi mingi hunyesha karibu kila alasiri na kwa mwaka hupita milimita 1,500, hutenda kazi ya bahari: hupenya palipochubuka, huotesha kutu kuzunguka kila msumari, na kutu hutiririka juu ya maneno kama machozi ya rangi ya chai. Huku hakuna chumvi ya baharini, lakini vibao vyetu vimekula yao.

Miongoni mwa vibao vyote, vitiavyo ubaridi zaidi ni vya aina mbili. Vya kwanza ni vya waganga: vibati vidogo vilivyopigiliwa juu kwenye nguzo na miti, maandishi mekundu juu ya meupe, yameandikwa kwa haraka na wakati mwingine na mganga mwenyewe, rangi imechuruzika chini ya kila herufi kabla haijakauka. Vya pili ni misalaba ya mbao. Wagusii huzika nyumbani, na mchora vibao, aliyeandika asubuhi bei ya nyama, huletewa alasiri msalaba mweupe na kikaratasi chenye jina na tarehe mbili. Huandika hayo kwa nyeusi tupu, bila kivuli. Nilimwona akifanya hivyo: alizima redio kwanza.

Wachora vibao wanao pia ndugu zao wa Tabaka, kusini-magharibi mwa Kisii, ambao karatasi yao ni jiwe. Jiwe la sabuni huchongwa kwa panga na kisu, husuguliwa kwa msasa ndani ya maji mpaka likawa laini kama shavu, na ambapo litapambwa hupakwa rangi nyeusi ikaachwa ikauke. Kisha fundi hukwaruza kwa ncha kali, na kila akwaruzapo weupe wa jiwe hutokea: pundamilia, ua, jina la nchi, jina la mtu. Ni kuandika kwa kuondoa, kinyume cha wino, wala mkwaruzo haufutiki. Kila utelezi wa kisu hubaki kuwa sehemu ya herufi. Katika ufundi huo wa nyumbani alikulia mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imesimama katika makao ya UNESCO mjini Paris.

Sasa mabango ya plastiki yamefika. Kijana mwenye kompyuta katika chumba kimoja huandika neno, huchagua fonti, na mashine hutoa bango refu lenye picha ya kuku aliyechomwa, rangi zote zinameremeta, kwa muda ambao mchora vibao angekuwa angali anasugua bati. Simlaumu kijana huyo wala mteja wake. Biashara ina haki ya kutaka wepesi, na wachora vibao nao kwa zama zao waliwashinda wengine. Lakini nimeona jambo ambalo linanisumbua moyo. Katika bango moja jipya la mkahawa, neno liliandikwa kwa zile herufi za uzee wa kuigwa, kingo zimeliwa, wino umekatika. Nami nikatazama herufi A, ambayo ilitokea mara nne katika neno hilo, nikaona majeraha yake ni yaleyale mara zote nne: pengo lilelile kwenye mguu wa kushoto, doa lilelile juu. Wazee wanne hawapati kuwa na kovu moja. Uzee usiotofautiana ni mvi za kupaka. Yule aliyezichora hakupitisha miaka, alipitisha alasiri moja.

Hapo ndipo nilipoelewa ule ubaridi wa kichochoroni. Hautoki katika kutu wala katika kingo zilizoliwa, kwa kuwa hayo mashine huyaiga vema. Unatoka katika kujua, hata bila kufikiri, kwamba mtu fulani alisimama hapa, ameegemeza kiganja juu ya ufito, akavuta nusu ya herufi kuelekea kwake. Na kwamba mtu huyo hayupo, na duka halipo, na jua limehesabu kila siku iliyopita tangu hapo. Herufi chakavu ni shahidi wa mkono. Babu aliyeviringishwa kidole juu ya wino, na mpangaji wa Gendia aliyerudia herufi butu, na Kijuma katika nuru ya dirisha la Lamu, wote wamo katika ushahidi huo. Mtu akitaka kununua heba hiyo bila mkono wala miaka, hupata sura yake, na yeye mwenyewe huwa hajui ni kitu gani kilichokosekana.

Basi nawanasihi wenye maduka ya Daraja Mbili, na wa Nyamira, na wa kila soko ambalo bado lina vibao vya namna hii: msiving'oe kwa pupa. Vipigwe picha, na majina ya waliovichora yaandikwe wangali hai watu wa kuyataja. Na kijana wa fonti, kama ana nia, aende akakae juu ya debe mchana mmoja, kisha achore fonti yake kutokana na mkono aliouona.

Siku ile nilipokuwa nikiaga, alikuja mwanamume mmoja amebeba msalaba mabegani, mbao yake imekuwa kijivu, ametoka nao nyumbani migombani. Mvua ilikuwa imeula weupe wote na sehemu ya weusi. Jina la mama yake lilionekana kwa shida, kama mtu anayesimama nyuma ya pazia. Alitaka liandikwe upya. Mchora vibao akauweka msalaba juu ya magoti, akapitisha kidole juu ya herufi, polepole, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, akatabasamu kidogo: aliutambua mwandiko, ulikuwa wa mwalimu wake. Akampa mwanafunzi brashi nyembamba na kopo jeusi.

"Usichore lako," akamwambia. "Fuata alipopita."

Kijana akaegemeza kiganja juu ya ufito, akaanza.